Stepin Fetchit: Kichekesho Kilichohama Nyumba

Mahakama ndogo ya mji mmoja wa Kentucky, mwaka 1890. Jaji anasoma gazeti. Mwendesha mashtaka ananguruma, anataka kijana mweusi aliye mbele yake aadhibiwe kwa wizi wa kuku. Mshtakiwa amelala. Anaamshwa, anainuka polepole kama mtu anayekusanya viungo vyake kimoja kimoja, na anapofungua mdomo maneno yanatoka yameshikana, ya puani, nusu yake hayasikiki. Muda si mrefu mazungumzo yamehama kutoka kwa kuku hadi kwenye chambo cha samaki, na tunapowaona tena, jaji na mshtakiwa wanaongozana njiani kwenda kuvua.

Hivyo ndivyo inavyoanza Judge Priest, filamu ya mwongozaji John Ford iliyotoka mwaka 1934. Jaji ni Will Rogers. Mshtakiwa, Jeff Poindexter, ni Stepin Fetchit, mchekeshaji aliyepanda kutoka majukwaa ya vodevili hadi kuwa mwigizaji mweusi maarufu kuliko wote Hollywood, na ambaye jina lake baadaye lilikuja kuwa tusi. Mpaka leo, Mmarekani mweusi akimwita mwenzake kwa jina hilo, anamwambia: unajidhalilisha mbele ya wazungu ili ule.

Filamu hiyo nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika nikaizima kabla haijafika nusu. Mara ya pili nilicheka, nikajionea haya kwa kucheka. Mara ya tatu nilimtazama mtu huyo peke yake, mikono yake, miguu yake, anavyochelewesha jibu, na hapo ndipo nilipoona kwamba hukumu yangu ya mwanzo ilikuwa ya haraka. Haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya haraka tu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lincoln Theodore Monroe Andrew Perry. Alizaliwa Key West, Florida, mwaka 1902, kwa wazazi wenye asili ya visiwa vya Karibi. Angali kijana mdogo aliondoka nyumbani akafuata maonyesho ya kusafiri, yakiwemo yale ya wauza dawa, ambapo ngoma na vichekesho hutangulia ili watu wakusanyike, kisha chupa za dawa ndiyo zitolewe. Huko ndiko alikojifunza kazi. Jina la kisanii, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Nenda-Ukalete, alilisimulia mwenyewe kuwa limetokana na farasi wa mashindano aliyempatia fedha.

Vodevili ilikuwa burudani ya mchanganyiko: tiketi moja, jioni moja, na jukwaani wanapishana mwimbaji, wacheza sarakasi, mtu wa mazingaombwe, mbwa waliofunzwa, na mchekeshaji. Kila mmoja ana dakika zake chache. Mchekeshaji aliyepata kichekesho chenye nguvu alikibeba mji hadi mji kwa miaka, akikinoa kila usiku, kwani watu wa mji wa kesho walikuwa hawajakisikia. Wasanii weusi walikuwa na mzunguko wao wa kumbi, ulioitwa T.O.B.A., wenye malipo duni na vyumba vibovu vya kubadilishia nguo. Lakini mzunguko huo ulikuwa na kitu kimoja ambacho fedha za Hollywood hazikuweza kukinunua: wasikilizaji waliokuwa weusi kama wao.

Katika kumbi hizo Perry alijenga mhusika aliyetangazwa kuwa mtu mvivu kuliko wote duniani. Na mhusika huyo hakuanza naye. Anatoka mbali, mashambani, wakati wa utumwa. Mtu ambaye jasho lake si lake hana sababu ya kuharakisha. Anajifanya hakusikia, hakuelewa, jembe limevunjika, nyumbu amepotea. Sisi tuna jina la jambo hilo: mgomo baridi. Bwana anabaki akilalamika kwamba watumwa wake ni wajinga na wavivu, na hajui kwamba lalamiko lake ndiyo dalili kuwa ameshindwa. Wajukuu wa watu hao walipokaa katika ukumbi wa T.O.B.A. wakamwona Perry anaburuta miguu, anakuna kichwa, anauliza swali lilelile mara ya nne mpaka mwenye amri anachoka na kwenda kuifanya kazi mwenyewe, walijua wanachokicheka. Walikuwa wanamcheka bwana.

Sisi tuliolelewa na hadithi za Abunuwasi hatuhitaji kufundishwa somo hilo. Abunuwasi hujifanya punguani mbele ya sultani, na mtoto aliyekaa mkekani anajua tangu mwanzo nani mwerevu na nani mjinga. Utamu wote uko hapo, katika msikilizaji kujua jambo ambalo sultani halijui.

Mwaka 1927 Perry alionekana katika filamu ya In Old Kentucky. Mwaka 1929 akawa nguzo ya Hearts in Dixie, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za sauti zilizojaa waigizaji weusi, iliyotengenezwa na Fox. Kufikia 1939 alikuwa ameonekana katika filamu zaidi ya 40. Anatajwa kuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kupata utajiri wa dola milioni moja, na alitaka watu wajue: magari ya fahari, watumishi nyumbani, suti za kuwatoa watu macho. Katika nchi ambayo mtu mweusi mwenye gari zuri aliweza kusimamishwa njiani na kuulizwa ameliiba wapi, mimi siwezi kuyaita yale majivuno matupu.

Mashtaka dhidi yake ni mazito, na wanaomtetea wasiyapite juu juu. Mamilioni ya Wamarekani weupe waliishi katika miji ambayo hawakuwahi kuzungumza na mtu mweusi kama jirani. Walichokijua juu yake walikitoa sinema. Na sinema iliwapa mtu anayelala mchana, anayeiba kuku, anayeogopa kivuli chake, anayehitaji mzungu mwema wa kumwongoza. Picha hiyo haikubaki ukumbini. Kama mtu mweusi ndivyo alivyo, kwa nini apewe kura? Kwa nini shule ya watoto wake iwe sawa na ya wengine? Jambo moja kila nikilikumbuka hunifanya nishindwe kucheka. Mwaka huohuo wa 1934, mwezi Oktoba, katika Florida hiyohiyo alikozaliwa Perry, Claude Neal aliteswa na kuuawa na kundi la wazungu, mwili wake ukatundikwa mbele ya mahakama ya Marianna. Mahakama ya kwenye filamu ilimwacha mweusi aende kuvua samaki.

Tena mafanikio yake yalizaa nakala. Studio zilipoona mhusika huyu analeta fedha, zilitafuta wengine wa kumwiga. Mwigizaji mwenye kipawa, Willie Best, katika filamu zake za mwanzo alitangazwa kwa jina lenye maana ya Lala-na-Kula. Fikiria kijana anakuja na kipaji chake, na mlango pekee anaofunguliwa una jina hilo juu yake. Kwa hiyo hoja kwamba Perry alifungua milango, hoja aliyoishikilia mwenyewe hadi uzeeni akisema waigizaji weusi wa baadaye, Sidney Poitier na Bill Cosby, walipita alipopasua njia, inabidi iulizwe swali: mlango huo uliwaingiza watu sebuleni au jikoni?

Watetezi nao wana hoja zisizopuuzika. Ya kwanza ni kwamba mtu huyu hakuwa mjinga hata chembe. Aliandika safu katika Chicago Defender, gazeti kubwa la weusi lililosomwa hadi vijijini Kusini. Alipambana na studio juu ya malipo na nafasi ya jina lake, akapachikwa sifa ya mkorofi, akafukuzwa, akarudishwa. Mwaka 1940 aliacha kwa muda kuigiza Hollywood kwa sababu hakupewa malipo na heshima sawa na wenzake weupe. Mvivu wa kweli hafanyi hayo. Ya pili ni ufundi. Ukimtazama bila kusikiliza sauti utaona mcheza dansi. Ule uzito wa mwili wake umepimwa, kila hatua inachelewa kwa kiasi kilekile, na anapokaa kimya, mwigizaji mwenzake hana la kufanya ila kumsubiri. Mtu aliyepangiwa nafasi ya mtumishi anakuwa ndiye mwenye kuamua mwendo wa tukio zima. Huo nao ni uwezo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa shida: kwamba kila mwayo wake ulikuwa uasi. Wapo wanaosema hivyo siku hizi, na naelewa kwa nini wanatamani iwe hivyo. Lakini hapa wanavuka mpaka. Mgomo baridi una faida pale anayegomewa anapopoteza kitu. Katika sinema za Fox nani alipoteza? Studio ilipata fedha, mtazamaji mweupe alipata kicheko na uhakika kwamba dunia yake iko sawa. Uasi unaomfurahisha bwana kiasi cha kukata tiketi kesho tena, mimi naona umeshageuka kitu kingine.

Nadhani kosa la pande zote mbili ni kumtazama Perry kama mtu mmoja aliyekuwa ama msaliti ama shujaa, wakati kilichobadilika si yeye. Alichukua kichekesho alichokinoa kwa miaka mbele ya watu wake akakihamishia nyumba nyingine. Kule mwanzo aliyecheka alikuwa na ufunguo. Kule alikokwenda ufunguo haukuhama naye. Jukwaani mchekeshaji anawaona watu wake; anaweza kuwakonyeza, kuongeza neno la ndani, kusita pale anapoona kicheko kimekwenda upande usiofaa. Kamera haimpi nafasi hiyo. Anaigiza mchana, mbele ya mafundi wa taa, na miezi baadaye kipande kilekile kinachekewa Chicago na Mississippi na watu asiowajua, kwa sababu asizozichagua. Abunuwasi anasimuliwa kwa watoto wa sultani, na msimulizi ameruka sentensi inayosema kwamba alikuwa anajifanya.

Hata hivyo ufunguo haukupotea wote. Kusini mwa Marekani watu weusi waliruhusiwa kuingia katika sinema nyingi kwa mlango wa pembeni, wakakaa juu kwenye roshani. Chini wazungu, juu weusi, picha moja ukutani. Nashawishika kuamini kwamba zipo jioni ambapo Perry aliburuta mguu na kicheko kikatoka chini na juu kwa wakati mmoja, na vicheko hivyo havikuwa ndugu. Lakini wa chini ndio waliokuwa na kura, bunduki, benki na mahakama. Kicheko chao ndicho kilichokuwa na matokeo.

Ukitaka kuona dhuluma ilipokuwa, usimtazame Perry peke yake. Mtazame Will Rogers aliye pembeni yake. Waliigiza pamoja filamu nne katika miaka ya 1934 na 1935, hadi Rogers alipokufa kwa ajali ya ndege Alaska, Agosti 1935. Rogers naye ni mtoto wa vodevili, mwenye damu ya Wacherokee, aliyeanza kwa kurusha kamba ya ng'ombe jukwaani. Naye alijenga mhusika mzito wa kuzungumza, mshamba, anayejikuna kichwa, anayejifanya hajui mambo makubwa. Naye aliandika magazetini. Wasanii wawili, mbinu moja. Tofauti ni kwamba Rogers alipojifanya mjinga, Marekani nzima ilijua anajifanya, na chini ya ujinga huo ikatafuta hekima. Filamu zenyewe zilipangwa hivyo: mwishoni jaji mzembe ndiye anayeshinda kesi. Jeff Poindexter hakuandikiwa mwisho wa namna hiyo. Anavishwa koti zuri na kuwekwa nje ya mahakama kupiga ngoma wimbo wa Kusini usisimue mioyo ya wazee wa baraza, na hilo ndilo kubwa analopewa.

Kuna tukio katikati ya Judge Priest ambalo nalirudia kila ninapofikiria suala hili. Jaji amejificha vichakani usiku na anataka kumtisha mwanamume asiyempenda. Anaanza kuzungumza kwa sauti mbili, yake na ya Jeff, kana kwamba Jeff yupo naye. Rogers anaiiga sauti ile ya puani vizuri sana. Kwa dakika moja filamu inakiri bila kukusudia kwamba sauti ya Jeff si ya damu wala ya asili ya mtu yeyote, ni vazi, na hata mzungu anaweza kulivaa na kulivua. Ila yeye analivua tukio likiisha.

Je, Perry angeweza kulivua? Wanaomlaumu wanamtaja Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa zama zake. Robeson alitoka Hollywood mwaka 1942, akatangaza hataigiza tena humo kwa sababu ya jinsi weusi walivyoonyeshwa. Ni kweli, na namheshimu. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba katika miaka ileile ya Judge Priest yeye alikuwa London akijifunza Kiswahili chuoni. Lakini Robeson alikuwa na shahada ya sheria kutoka Columbia na sauti iliyojaza kumbi za Ulaya. Alipofunga mlango mmoja, mingine ilikuwa wazi. Perry alikuwa na kichekesho kimoja. Kumdai ujasiri uleule bila kuhesabu alichokuwa nacho mkononi si haki. Kusema hakuwa na hiari kabisa nako si kweli. Alisoma magazeti ya watu wake. Mwaka 1942 NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ilipokuwa inazishinikiza studio zibadilishe nafasi za weusi, aliona upepo unakoelekea. Na mwaka 1953, akiwa amepita miaka 50, bado alirudi kuwa Jeff Poindexter katika The Sun Shines Bright, filamu nyingine ya Ford.

Lakini filamu hiyo ya 1953 ina historia. Mwaka 1934 Ford alipiga tukio la jaji akizuia kundi linalotaka kumnyonga mtu mweusi. Studio ililikata. Watazamaji wakabakiwa na kuku, chambo na usingizi. Kamba ya kunyongea, ambayo ndiyo ingeeleza kwa nini mtu mweusi wa Kentucky angeona ni salama zaidi kuonekana punguani, ikatupwa kwenye sakafu ya chumba cha kuhariri. Ford alisubiri karibu miaka 20 akaingiza tukio la aina hiyo katika filamu ya pili. Kwangu mimi hilo ndilo ushahidi mzito kuliko yote katika kesi hii. Kichekesho cha Perry kilikuwa na hofu ndani yake, hofu yenye sababu, na wenye studio waliikata sababu wakabakiza hofu ili ichekwe.

Utajiri ulikwisha mapema. Mwaka 1947 alitangaza kufilisika, akiandikisha mali ya dola 146. Mwaka 1968 televisheni ya CBS ilirusha makala juu ya historia ya weusi, Bill Cosby akiwa msimulizi, na humo Perry akatajwa kuwa ndiye aliyeeneza picha ya mweusi mvivu, mwizi wa kuku. Mwaka 1970 aliwashtaki, akadai dola milioni 3. Mahakama ilitupilia mbali madai yake mwaka 1974. Sioni ajabu kwamba aliumia. Makala ilisema kweli juu ya picha ile, ikamwekea mtu mmoja mzigo wa kiwanda kizima. Waandishi wa miswada, waongozaji na wenye kumbi hawakutajwa kwa majina yao kamili ya kuzaliwa kama alivyotajwa yeye.

Wengine hawakumtupa. Mei 1965 alikuwa kambini mwa Muhammad Ali, yuleyule tunayemkumbuka kwa usiku wa Kinshasa, kabla ya pambano la pili na Sonny Liston huko Lewiston, Maine. Ali alipomwangusha Liston raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo wengi hawakuiona, alieleza kwamba amefundishwa na Stepin Fetchit, aliyeipata kwa Jack Johnson, bondia mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Iwe ngumi hiyo ilikuwepo au haikuwepo, kijana aliyekuwa sura ya kiburi cha watu weusi aliona mzee huyu anafaa kukaa karibu naye. Mwaka 1976 tawi la Hollywood la NAACP lilimpa tuzo maalumu. Alikufa Novemba 1985 katika nyumba ya kutunzia wasanii wazee huko Woodland Hills, California, akiwa na miaka 83.

Filamu zake zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, vipande vyake mara nyingi viliondolewa ili kukwepa aibu. Nayapinga makasi hayo kwa sababu ileile inayonifanya nilalamikie makasi ya 1934. Judge Priest ionyeshwe nzima, pamoja na usingizi mahakamani na sauti mbili vichakani, na kabla haijaanza, watu waambiwe habari za Marianna.